Bafle Inavuma, Inapiga Yowe, Inazima: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kufungua Sanduku

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa saba mchana, kijana wa kwaya yetu alinipigia simu kutoka Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Sherehe ya mahari ilikuwa ianze saa nane, wazee walikuwa wameshakaa kwenye viti, na bafle (sanduku la spika) ya kukodi, mpya kabisa, ilikuwa inakohoa tu. "Yaya, bafle ilishakufa," akaniambia. "Hata tukipunguza volumu, inakwaruza vilevile." Fundi aliyekuwepo pale alikuwa ameshashika bisibisi, tayari kufungua.

Nilimwomba ageuze bafle, aangalie nyuma yake, karibu na tundu ambamo waya wa miksa (meza ya kuchanganya sauti) unaingia. Kuna kitufe kidogo kinachochagua kati ya mikro (maikrofoni) na laini (sauti yenye nguvu itokayo kwenye miksa). Kilikuwa upande wa mikro. Akakisukuma, na nikasikia kwenye simu sauti ya wimbo ikirudi safi, halafu watu wakishangilia.

Nimepiga gitaa miaka mingi katika harusi, matanga na makanisa ya Bukavu, na miaka hiyohiyo ndiye ninayeitwa vyombo vinapogoma. Bafle zilizoharibika kweli nimekutana nazo chache. Nyingi zinabebeshwa lawama ya waya, ya prizi, ya mkono ulioshika mikro, au ya mahali zilipowekwa. Nimepanga maelezo haya kwa malalamiko, kama watu wanavyoyasema wakinipigia simu, kwa sababu saa nane ikikaribia hakuna mtu anayetafuta sura ya kitabu. Anatafuta kile anachokisikia.

Kuhusu majina: Bukavu tunaita bafle sanduku zima. Ndani yake kuna spika kubwa inayotoa besi na sauti za kati, na twita inayotoa sauti za juu. Hapa nazungumzia bafle za kubebeka zenye amplifaya ndani, zile unazoweza kupanda nazo pikipiki: inchi 8, 10, 12, mara chache 15.

Kwanza, kata njia katikati

Sauti inasafiri. Inatoka mdomoni, inaingia kwenye mikro, inapita kwenye waya, inafika kwenye miksa, inapita waya mwingine, inafika kwenye bafle. Ugonjwa umekaa katika kituo kimoja. Ukianza kugeuza vitufe vyote kwa mkupuo, unaweza kuufukuza bila kujua ulikuwa umejificha wapi, na kwenye wimbo wa tatu utarudi.

Mimi naanza katikati ya njia. Nachomoa waya wa miksa kwenye bafle na kuchomeka simu yangu yenye wimbo ninaoujua kila pigo. Ikitoka safi, bafle ni nzima na hakuna haja ya kuigusa tena. Ugonjwa uko nyuma, kati ya mdomo na waya wa miksa. Ikitoka mbaya, naipeleka prizi nyingine na kuijaribu peke yake kabla ya kuihukumu. Kazi yote hii ni dakika mbili. Kisha nusu iliyobaki naikata tena: navaa hedifoni kwenye miksa. Kama ugonjwa unasikika kwenye hedifoni, haujafika kwenye bafle. Uko kwenye mikro, waya wake au miksa yenyewe.

Kila mara badilisha kitu kimoja tu. Na uwe na waya mmoja wa XLR (ule wa pini tatu) ambao unajua ni mzima, uufunge utepe mwekundu, usimkopeshe mtu. Huo waya umeniokoa mara nyingi kuliko chombo chochote cha bei. Ongeza multimeta (kipimo cha umeme) ya sokoni na tochi, na mfuko wako umetosha.

"Inavuma mmmm"

Usikilize huo mvumo vizuri. Umeme wetu ni wa 220 V na 50 Hz. Mwambie mpiga besi abonyeze kase (nafasi kati ya vyuma vya shingo) ya tatu kwenye waya mnene wa mi: noti hiyo, sol, ni 49 Hz, karibu sawa kabisa na mvumo wa umeme. Kama unachokisikia kinafanana na sol hiyo, au na sol ya juu yake iliyo karibu na 100 Hz, basi ni umeme unaoimba. Kama ni "zzzz" kali yenye ncha, tafuta chaja ya kompyuta au taa za LED za bei ndogo. Na kama mvumo unaongezeka na kupungua mpiga gitaa akijigeuza, umeletwa na pikapu (vinasa sauti) za gitaa lake. Asimame mbali na transfoma, na mjadala umeisha.

Chomoa waya wa sauti kwenye bafle, uache ule wa umeme. Mvumo ukibaki, uko ndani ya bafle au kwenye umeme wa nyumba. Ijaribu kwa jirani. Ukinyamaza, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi, una mzunguko wa ardhi. Miksa imechomekwa sebuleni, bafle imechomekwa dukani kwa jirani, na hizo ardhi mbili hazilingani. Waya wako wa sauti umeziunganisha, umeme mdogo unapita kwenye ngao yake, na bafle inauimba.

Chomeka miksa na bafle zote kwenye multiprizi moja, inayotoka kwenye prizi moja. Kwa kazi zetu za nyumbani hilo peke yake linatosha mara nyingi sana. Likishindikana, angalia unatumia waya gani. Waya wa XLR unabeba sauti ileile mara mbili, mara moja ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Kelele ya njiani inaingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili, na bafle inapopima tofauti kati yao, kelele inafutika na sauti inabaki. Jeki ya gitaa haina kinga hiyo. Mita 3 utavumilia; mita 15 umetengeneza antena. Kinanda au kompyuta iliyo mbali na miksa ipitishe kwenye sanduku la DI (kisanduku kinachogeuza jeki kuwa XLR) lenye kitufe cha kutenganisha ardhi. Kompyuta ikivuma, chomoa chaja yake kwanza kabla ya kufanya lolote: ikinyamaza, acha itumie betri hadi mwisho wa wimbo.

Kuna dawa nyingine inayotumika sana mjini kwetu: kukata mguu wa ardhi kwenye fishi (plagi). Naikataa kabisa. Mvumo unaisha, ni kweli, lakini umeondoa kile kinachozuia umeme usipite kwenye mwili wa mwimbaji siku waya wa ndani ukilegea.

"Mikro inanikamata mdomo"

Hapo simamisha muziki. Usimwambie mwimbaji avumilie, wala usivalishe mikro sponji ukaendelea. Mpiga gitaa anayeimba anashika nyuzi zilizounganishwa na amplifaya yake, na midomo yake inagusa mikro iliyounganishwa na miksa. Kama kimoja kina ardhi na kingine hakina, au vimechomekwa nyumba mbili tofauti, yeye ndiye waya unaoviunganisha.

Weka multimeta kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa mikro. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, kuna kifaa kisicho na ardhi au kinachovuja. Chomoa kimoja kimoja hadi namba ishuke, na kile kilichoishusha kisirudi jukwaani siku hiyo. Sementi iliyolowa na miguu mitupu huongeza hatari mara nyingi, na Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa na kutufikisha mwezi wa tano. Nimeona mwimbaji kijana akitupwa nyuma na mikro mkononi. Alipona, lakini tangu siku ile napima kabla ya mtu yeyote kuimba.

"Inalia wiiii"

Hii ni larsene, jina lililotoka kwa Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark. Mikro inasikia bafle, bafle inarudia ilichosikia mikro, mikro inasikia tena, na kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Watu wanakimbilia kupunguza sauti zote. Lakini larsene mara nyingi inaponywa na miguu kuliko vidole: hamisha vitu.

Anza na bafle. Bafle inayotazama wasikilizaji iwe mbele ya mikro, si nyuma yake. Katika uwanja mdogo wa nyumba watu wanaiegemeza ukutani nyuma ya bendi ili isizuie njia, halafu wanashangaa. Isogeze mita mbili mbele ya mwimbaji, kando, uipandishe kwenye tripodi hadi twita ipite vichwa vya watu waliosimama. Kwenye mteremko wa Kadutu au Panzi, mguu wa tripodi unaokwenda chini ya mlima uwekee mfuko wa mchanga. Bafle ya kilo 15 ikiangukia mtoto, hakuna muziki tena.

Kisha mdomo. Mwimbaji akitoka sentimita 10 hadi 5 kutoka kwenye mikro, sauti yake inayoingia inaongezeka karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila wewe kugusa kitu, na unaweza kupunguza mikro kwa kiasi hichohicho. Waimbaji wa kwaya wanaogopa kuikaribia. Wazoeshe siku ya mazoezi.

Mkono nao una kesi yake. Animateri wetu (wanaochangamsha wachezaji), wakati sebene (sehemu ya kasi ya kucheza) imewaka, hupenda kufunika wavu wa mikro kwa kiganja. Mikro ya kawaida ya kuimbia, kama SM58 ya Shure iliyoko sokoni tangu 1966, inasikia mbele na kuziba masikio nyuma. Inafanya hivyo kwa kutumia matundu ya nyuma ya wavu. Ukiyafunika, inaanza kusikia pande zote na larsene inakuja papo hapo. Nimewaeleza wengi jambo hili, na wakishajua sababu wanaacha. Kuwafokea tu hakujawahi kusaidia.

Hapohapo kuna suala la bafle ya kujisikilizia. Mikro za aina ya SM58 hazisikii kitu kilicho nyuma yao moja kwa moja, kwa hiyo weka bafle hiyo mbele ya mwimbaji, mkia wa mikro ukiielekea. Beta 58A ni tofauti: sehemu yake ya uziwi iko pembeni kidogo ya mkia, kama nyuzi 125 hivi kutoka mbele, na bafle ikae hapo. Ukibadilisha mikro bila kuhamisha bafle, unaweza kupata larsene kutoka kwa chombo bora zaidi.

Sasa hesabu mikro zilizo wazi. Kila zinapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya larsene. Kwaya yenye mikro 8 wazi imepoteza desibeli 9 ukilinganisha na mikro moja, na hiyo ni karibu nusu ya ukubwa wa sauti masikioni mwa watu. Funga ile ambayo hakuna anayeimbia. Kwaya ya watu 20 inasikika vizuri zaidi kwa mikro 2 au 3 zilizopangwa vizuri kuliko 8 zilizotapakaa.

Kanisa la mabati na sakafu ya sementi ni kesi ngumu kuliko zote. Sauti inapanda, inagonga bati, inashuka, inagonga sementi, na maneno ya mchungaji yanageuka uji. Hapo kuongeza volumu ni kuongeza uji. Geuzia bafle kwenye watu, si kwenye paa. Washa kitufe cha kukata besi kwenye mikro zote za sauti, kile kinachokata chini ya 80 au 100 Hz. Na ukiweza tumia bafle mbili kwa sauti ya wastani, karibu na watu, badala ya moja inayopiga kelele kutoka madhabahuni. Vitambaa vizito vya mitumba vikining'inizwa ukuta wa nyuma vinasaidia kwa kiasi usichokitegemea. Ikweliza (vitufe vya kuongeza na kukata besi na sauti za juu) iwe ya mwisho: larsene ya "huuu" tafuta kati ya 250 na 500 Hz, ya "wiii" tafuta 2,000 Hz kwenda juu, na kata kidogo tu, desibeli 3 hadi 6. Ukikata sana, umeua larsene pamoja na mwimbaji.

"Inakwaruza"

Kitufe cha mikro na laini nimeshakieleza. Kinachofuata kwa wingi ni geini ya miksa, kitufe cha juu kabisa cha kila njia. Watu wanaweka geini mwisho, kisha wanapunguza bafle ili isipige kelele. Sauti imeshavunjika mlangoni. Kupunguza mbele hakuirekebishi. Mwambie mwimbaji aimbe kwa nguvu kama ataimba kwenye koras (kiitikio), si "alo, alo, moja mbili", halafu pandisha geini hadi taa nyekundu imulike mara chache, ishushe kidogo, iache. Ile "alo" ya upole inadanganya, kwa sababu hakuna anayeimba sebene kwa upole.

Taa nyekundu ya mbele ya bafle inasema jambo lingine: limita (kinga inayozuia sauti kuzidi) inafanya kazi, bafle imefika mwisho. Ikimulika kwenye pigo la ngoma, sawa. Ikibaki imewaka, unapika spika na hasa twita.

Na kama bafle inakwaruza hata kwa sauti ndogo, na simu peke yake? Izime, ondoa wavu wa mbele kama unatoka kwa urahisi, weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya koni, sukuma taratibu na kwa usawa. Koni nzima inaingia na kutoka kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili imeungua au imepinda, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukiona koni imechanika ukingoni, gundi nyepesi na karatasi laini vinaweza kukusogeza wiki kadhaa. Twita inajulikana kwa herufi "s": ikiwa "asante sana" inasikika kama imefunikwa blanketi, twita imekufa. Spika iliyotolewa nje, ya ohmu 8, multimeta huisoma karibu na ohmu 6. Isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Lakini usifungue bafle iliyotoka kwenye umeme sasa hivi. Ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa.

"Muziki upo, mwimbaji amepotea"

Hili linawachanganya hata watu wa kazi. Unachomeka simu kwa waya mmoja unaotoka kwenye tundu la hedifoni kwenda XLR, unapiga wimbo, na ngoma na gitaa za pembeni zinasikika lakini sauti ya mwimbaji na besi zimeyeyuka. Watu wanadhani faili limeharibika.

Kumbuka bafle inavyosikiliza XLR: inapima tofauti kati ya nyaya mbili. Simu imetuma upande wa kushoto kwenye waya mmoja na wa kulia kwenye mwingine. Mwimbaji na besi huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili, na tofauti ya vitu viwili sawa ni sifuri. Kilichobaki ni vile vilivyokuwa pembeni. Tumia waya unaogawanyika kuwa jeki mbili, kushoto na kulia, uziingize kwenye njia mbili za miksa.

Dada yake ni "bafle mbili, besi kidogo". Kila moja ikipiga peke yake besi ipo. Zikipiga pamoja inakonda. Waya mmoja wa XLR umelehemiwa na mtu aliyebadilishana pini ya 2 na ya 3, kwa hiyo koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Ziweke ubavu kwa ubavu, piga wimbo wenye besi, badilisha nyaya moja moja hadi besi irudi. Wenye kosa ulehemiwe upya.

Na mpiga kinanda anayetumia simu kwa Bluetooth akisema vidole vyake vinatangulia sauti, anasema kweli: njia hiyo huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kupiga wimbo wa mapumziko haina shida. Kwa kucheza chombo tumia waya.

"Inazima yenyewe, halafu inawaka"

Uliza kwanza inazima lini. Ikizima kwenye pigo zito la ngoma, ni umeme unaoanguka. Ikizima baada ya saa moja ya jua na kuwaka tena baada ya dakika kumi, ni joto. Ikizima mtu akigusa waya, ni fishi iliyolegea, na usiendelee kusoma, nenda ukaikaze.

Kwa umeme, pima volti kwenye multiprizi muziki ukiwa unapiga, si kabla. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, 220 inaweza kuwa 170. Bafle nyingi za sasa zinakubali kuanzia 100 hadi 240 V na hazijali; zenye transfoma nzito ya zamani zinajali sana. Soma nyuma ya bafle. Kisha angalia ralonji (waya wa kuongeza urefu). Mita 50 za waya wa 0.75 mm² zina ohmu kama 2.3, kwenda na kurudi, hata kama ni shaba halisi. Ukivuta ampea 5 umepoteza karibu volti 12 njiani. Waya wa 1.5 mm² unapoteza nusu ya hiyo. Na nyaya nyingi za bei ndogo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo inapoteza zaidi. Ikwangue kwa kisu uone kama ndani ni nyeupe. Ralonji ya kuzungusha ifunguliwe yote, kwani ikibaki imejiviringisha inapata joto hadi kuyeyuka.

Tazama pia nani mwingine amechomeka hapo. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 9. Mama wa jikoni hana kosa, hakuna aliyemwambia. Mwendee kwa heshima kabla ya sherehe: "Mama, tuachie prizi hii mpaka jioni, tafadhali," naye atakusaidia.

Kwa upande wa jenereta, watu wanajumlisha wati zilizoandikwa kwenye bafle na kuogopa bure. Watengenezaji wengi hupima matumizi ya umeme kwenye sehemu ya nane ya nguvu kamili, kwa kuwa muziki una mapigo na mapumziko. Shida ya jenereta ndogo ni kuyumba: pigo linakuja, injini inaguna, volti zinashuka, kisha zinaruka juu. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe miksa, na bafle mwisho. Wakati wa kuzima, bafle zitangulie. Mafuta yakiisha katikati ya wimbo, zima kila kitu kabla ya mtu kuvuta kamba, maana volti za mwanzo hazina adabu.

Kwa joto, mapezi ya chuma ya nyuma yapate hewa. Mvua ikitishia watu wanaifunga bafle kwa turubai pande zote kama mgonjwa wa homa, na ndani inapikwa. Turubai liwe paa juu yake, nyuma pawe wazi. Ikilowa kweli, ichomoe, iache siku mbili mahali pakavu penye hewa, koni ikitazama chini.

"Betri haifiki hata sherehe inaisha"

Nyingi za bafle za magurudumu zinazouzwa Kadutu zina betri ya risasi ya 12 V, mara nyingi ya 7 Ah (ampea-saa). Kwenye karatasi hiyo ni 84 Wh (wati-saa). Bafle ikila wati 20 ungetarajia saa nne, na ukweli ni pungufu. Betri hizi zinauawa na jambo moja kuliko mengine: kuwekwa tupu. Ukirudi usiku umechoka ukasema utaichaji Alhamisi, ndani yake salfeti inaganda, na kila wiki ujazo unapungua. Ichaji usiku uleule. Ikipumzika imejaa inasoma 12.7 V au zaidi; ikisoma 12.0 imekaribia kuisha.

Wanaochaji kwa jua wasiunganishe paneli moja kwa moja. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi 21 ikiwa haina mzigo. Pitisha kwenye kidhibiti chaji.

Bafle za lithiamu zinadumu zaidi. Bose wanataja hadi saa 11 kwa S1 Pro, JBL hadi saa 12 kwa EON One Compact. Saa hizo ni za sauti ya wastani. Ukipiga rumba kwa nguvu zote, panga nusu yake.

"Haina nguvu"

Bafle hii haiumwi. Imepewa kazi isiyo yake.

Wati kubwa zilizoandikwa kwenye katoni ni za kilele cha sekunde ndogo; tafuta zile za mfululizo, ambazo mara nyingi ni nusu au chini ya hapo. Hata hizo hazisemi mengi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Umbali nao unakula: nje, kila ukienda mbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Bafle inayotoa 110 kwa mita moja inafika 86 kwa mita 16, na 80 kwa mita 32. Kwa hiyo kabla ya kukopa pesa ya bafle kubwa zaidi, sogeza hii karibu na watu, ipandishe, na uigeuze ielekee katikati ya umati badala ya safu ya mbele. Ukiweka ya pili mita 20 nyuma, iwe ya chini kidogo, kwa sababu sauti ya mbele inachukua kama sehemu ya kumi na saba ya sekunde kufika pale, na maneno yataanza kujirudia.

Kwa tunaopiga kando ya ziwa, Nguba au Muhumba, kuna jambo la ziada. Mchana ardhi ikiwa na joto, sauti inapinda kwenda juu na kupotea; unaongeza. Usiku hewa baridi ikilala juu ya Kivu, sauti inapinda chini na kuvuka maji. Volumu uliyoiweka saa tisa alasiri iguse tena saa moja usiku, kabla majirani wa ng'ambo hawajaja kugonga.

Besi ndiyo inayowaumiza wengi. Waya wa mi wa besi unaanza kwenye 41 Hz, na bafle ya inchi 8 au chini yake nyingi hazishuki vizuri chini ya 60. Unachokisikia cha noti zile za chini ni sauti zake za juu tu, na sikio linajazia. Ukiongeza besi kwenye ikweliza, koni inahangaika na hewa, limita inawaka, na mwimbaji anasinyaa kila besi inapogongwa, kwa sababu wote wanagawana amplifaya moja. Mpe mpiga besi amplifaya yake mwenyewe, hata ya zamani, iketi chini karibu na ukuta. Bafle ibaki na sauti za watu, mi-solo (gitaa la kati) na kinanda, halafu kwenye njia za sauti kata kila kitu chini ya 100 Hz. Tulifanya hivyo Jumamosi ile Kadutu baada ya kitufe kupatikana: bafle moja ya inchi 10, besi kwenye amplifaya ya zamani iliyotoka nyumbani kwa shemeji, uwanja wenye watu kama mia. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja hadi saa mbili usiku.